Julai, kutoka vumbi la Suswa hadi ukingo wa Manga

Wakisii wengi wanaoishi Nairobi huenda kwao usiku. Basi huondoka jijini watu wakishafunga kazi, abiria hujikunja ndani ya majaketi, na karibu na alfajiri kondakta huanza kuita vituo: Keroka, Keumbu, Kisii mjini. Wengine huishika njia hiyohiyo nyuma ya gari la maiti, wakazika, wakala, wakageuza. Mume wangu amekuwa mmoja wao tangu alipokuja chuo kikuu. Amezaliwa Nyaribari, akasoma shule ya upili Nyamira, lakini barabara ya kwao aliijua kwa matuta yake na kwa harufu ya majani mabichi dirishani. Hakuwahi kuitazama. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwa wakwe zangu nimekuwa nikienda tangu tuoane, na kila mara nimeshuka gari gizani na kuondoka gizani.

Safari hii tulikubaliana kwenda Julai, mchana kweupe, tukipokezana usukani, bila msiba wala harusi ya kutuharakisha. Julai kwetu pwani ni kipupwe: kusi huvuma, bahari huchafuka, watu hulala bila feni. Nairobi ni wingu linalogoma kuondoka. Gusii, yaani nchi ya Wakisii, ambako maboma mengi yako juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na vilima vya Nyamira hupita 2,000, ni baridi ya kuvaa sweta mbili na kusogea jikoni. Wenye nafasi huteremka Mombasa mwezi huo kuikimbia baridi. Sisi tuliifuata, kwa sababu ndio wakati ambao mvua hupungua kidogo huko juu, barabara za udongo hupitika, na asubuhi hewa ikitakata mtu huona mbali.

Tuliteremka kwa njia ya Rironi kwenda Mai Mahiu. Ukungu ulikuwa mzito mpaka karibu na kanisa dogo la mawe lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, wakati walipokuwa wakiikata barabara hiyo kwenye mteremko. Hapo ukungu ukaisha mara moja na Bonde la Ufa likawa chini yetu: Longonot na kreta yake, mita 2,776, Suswa mbele zaidi, mpana na mfupi, na baina yao uwanda mkavu uliopauka. Mai Mahiu tulisimama kunywa chai. Watu wa pale bado wanauzungumza usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipokuja na mawe na miti yakaua makumi ya watu waliokuwa vitandani. Mama aliyetuuzia maandazi alinyoosha mkono kuonyesha maji yalikopita, kisha akarudi kwenye karai lake bila kusema zaidi.

Jangwa halisi la Kenya liko kaskazini, huko Chalbi. Lakini mtu akipita Suswa mwezi wa Julai anapata sehemu yake. Nyasi zimekwisha, vichaka vya leleshwa vimegeuka kijivu, nguzo za vumbi zinainuka na kutembea uwandani peke yazo, na ng'ombe wa Wamaasai wanakwenda kwa mstari mmoja kutafuta maji. Karibu na hapo ndipo ardhi ilipopasuka Machi 2018 baada ya mvua kubwa, ikaikata barabara ya Narok. Picha zilizunguka dunia, na magazeti ya ng'ambo yakaandika kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya karibu zaidi. Udongo wa hapa ni majivu ya volkano, mwepesi. Maji hupenya chini yake na kuubeba kidogo kidogo, mpaka siku moja juu hakuna kinachoshikilia. Bonde linapanuka kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka.

Tuliegesha gari tukaenda kulitazama mojawapo ya makorongo hayo. Kuta zake zimesimama wima. Ukisogea unaona tabaka la majivu ya manjano, juu yake la kijivu, juu yake kokoto nyeusi, na mizizi ya mgunga ikining'inia hewani pale udongo ulipoondoka. Mume wangu aligusa ukuta kwa kidole, na ukamomonyoka mpaka kwenye viatu vyake. Akaniambia, "Mama watoto, hapa nimepita usingizini miaka yote." Alilisema kwa uchungu, na tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Narok tuliipita upesi, na mashamba ya ngano baada yake, na Mulot, na Bomet. Kaplong tukaingia kushoto kuelekea Sotik. Soko la Chebilat liko mpakani, Wakipsigis upande mmoja na Wakisii upande wa pili. Huuziana mifugo, mahindi na ndizi, na miaka ya uchaguzi imewahi kuwagombanisha vibaya. Siku tuliyopita sisi, wanawake wa pande zote mbili walikuwa wameketi kwenye magunia wakinunuliana viazi.

Kutoka hapo nchi hubadilika kwa hatua, na ni mchana tu mtu anapoziona hatua hizo. Kwanza ni Borabu. Zamani palikuwa na mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru Wakisii waligawiwa ardhi huko, na hadi leo bado utaona malisho mapana na ua wa miti. Kisha, ukikaribia Keroka, mashamba yanaanza kupungua. Nusu eka, robo eka, kipande cha migomba, kipande cha chai, mistari ya mahindi, mikaratusi mpakani, nyumba, kaburi lililosakafiwa, nyumba nyingine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Nambari hizo nilizisoma kitambo. Kuziona ni jambo jingine: kilima kizima hakina pembe iliyoachwa, na hata penye mteremko ambao mtu wa pwani asingethubutu kusimama, pana mama ameinama na jembe.

Keroka ni mji mmoja ndani ya kaunti mbili. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati yake, na serikali hizo mbili zimevutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Wafanyabiashara wanachotaka ni taa na mifereji. Kutoka pale tulimpigia simu mama mkwe kumwambia tumekaribia. Aliuliza kwanza, "Nani amefariki?"

Hilo swali lilituuma wote wawili. Mama wa watu amezoea kwamba watoto wake wakija nje ya Desemba, wanakuja na jeneza. Alipoona tumeshuka na mfuko wa sukari na nyuso za furaha, alinishika mikono yote miwili asiniachie, akaingiza kuni zaidi motoni. Usiku ule tulikula ugali wa wimbi na chinsaga. Mboga hiyo ni chungu; huchemshwa muda mrefu, kisha huongezwa maziwa na kurudishwa motoni polepole, mpaka uchungu unabaki kidogo tu nyuma ya ulimi. Nje baridi ilikuwa kali hasa. Tukakaa jikoni, akatusimulia jinsi alivyoolewa, na mume wangu alisikia mambo ambayo hakuwahi kuambiwa, kwa kuwa tangu aende chuo kikuu ni mara chache amekaa nyumbani usiku usio na kilio.

Kesho yake tulikwenda Nyamira. Chai ya huko ni ya wakulima wadogo. Viwanda vya Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Gianchore na Tombe viko chini ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, na majani huja kutoka kwenye vishamba ambavyo vingine mtu huvizunguka kwa dakika chache. Tulisimama kwenye kituo cha kununulia majani, wanawake wakiwa kwenye foleni na vikapu mgongoni. Karani humwaga majani mezani, huyapitisha vidole, huyatoa yaliyokomaa. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Mama mmoja alirudishiwa fungu zima; aliketi chini ya kibanda, akayachambua moja moja, akarudi kwenye foleni. Pesa ya mwezi ni ndogo. Wanachokingojea ni bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai, ambayo ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la duka.

Alasiri mvua ikaja kutoka upande wa ziwa. Hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda vilima hivi ikakutana na baridi ya juu, na mara nyingi hushuka barafu. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na Nyamira hupata fungu lake. Ilinyesha kwa muda mfupi tu. Mabati ya kituo yalinguruma tusisikilizane. Ilipokoma, tulitoka tukakuta uso wa shamba la jirani, uliokuwa umesawazishwa vizuri, umechanika. Machipukizi yamelala chini juu ya barafu, na harufu ya chai mbichi imejaa kote. Mwenye shamba alikuja, akainama, akaokota majani kiganjani. "Wiki mbili hizi hatuchumi kitu," akasema, kisha akatuuliza kama tumelowa. Mtu ambaye mshahara wake umeangushwa na mawingu mbele ya macho yake akawaza kwanza habari ya wageni. Sijapata neno la kumlipa.

Njiani kurudi, mume wangu alinionyesha mabonde yaliyojaa mikaratusi hadi kwenye maji. Mti huo hukua haraka na huuzwa kwa nguzo na kuni, nyingine zikichomwa katika viwanda vya chai hiyohiyo. Lakini hunywa maji mengi, na chemchemi alizochota akiwa mtoto zimepungua. Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru, humu Nyamira, na unalisha watu mpaka karibu na ziwa. Serikali imehimiza mara nyingi mikaratusi ing'olewe kingo za mito. Mwenye robo eka atang'oa akipewa kitu cha kuweka mahali pake. Asipopewa, hatang'oa, wala simlaumu.

Jumamosi tulipumzika. Familia ni ya Kisabato, na siku hiyo sehemu kubwa ya Gusii hufunga duka ikaenda kanisani. Jumapili tukaamka mapema mno, kwenda Manga.

Manga ndiyo sababu ya safari yote. Mume wangu aliitazama kutoka shuleni miaka yote ya masomo na hakuwahi kuipanda. Ni ukingo wa mwamba baina ya kaunti hizi mbili: upande mmoja ardhi hupanda taratibu na mashamba yake, kisha hukatika ghafla, na chini yako ni ukuta. Mwamba wenyewe ni mchanga wa kale ulioshindiliwa na joto na uzito wa ardhi mpaka ukawa mgumu kuliko chuma cha jembe. Mawe laini yaliyouzunguka yalimomonyoka. Huu ukabaki umesimama. Njia ya kupandia ina utelezi wa umande. Nilihema na kusimama, nikapanda tena, na mwenzangu akanikumbusha kwamba nchi hii ilimtoa Nyandika Maiyoro, aliyekimbia kwa niaba ya Kenya katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na Naftali Temu, aliyeiletea medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mita 10,000, Mexico, mwaka 1968. Mapafu hayo yalijengwa kwenye miinuko ya namna hii.

Juu tulimkuta mzee akichunga ng'ombe wawili. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Mmetoka wapi na baridi hii?" Alifurahi kusikia mwenzangu ni mtoto wa Nyaribari. Alitutembeza ukingoni, akatuonyesha kulia, liliko pango la Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee hulitaja kwa heshima na kwa hofu. Tulipouliza kama tunaweza kwenda, alisema huko hakwendwi hivihivi tu, na hatukumsukuma.

Jua lilipopanda, ukungu ulianza kutoka mabondeni vipande vipande. Kwanza yalitokea mabati, mamia kwa mamia, yakimeta. Kisha moshi wa majiko. Kisha mji wa Kisii kwenye bakuli lake la vilima. Na mbali, upande wa Homa Bay, mstari mweupe wa Ziwa Victoria. Mume wangu alianza kutaja: lile kanisa, ile shule, kile kilima ni cha kwetu, ile njia ndiyo tuliyokwenda nayo sokoni na mama. Alitaja mpaka sauti ikamkwama. Nimeishi naye miaka mingi na ndipo siku hiyo nilipoona anakotoka, pote kwa pamoja, pakiwa na nuru. Tulishikana mikono kwa sababu ya upepo na kwa sababu nyingine. Pale tuliposimama hapakuwa na uzio wala kibao, na mteremko ni wa kuua. Mahali pa uzuri wa namna ile panastahili ngazi, kamba ya kushikia, na kijana wa kijijini anayelipwa kuwaongoza wageni na kuwaeleza.

Mzee alitueleza habari ya mji ule ulio chini. Wazungu waliufanya kituo chao cha utawala zaidi ya karne moja iliyopita, wakiwaadhibu watu na kuchukua mifugo. Mwaka 1908 mganga na nabii aliyeitwa Moraa aliwahimiza vijana wasikubali, na Otenyo Nyamaterere akamchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote. Northcote alipona, baadaye alikuwa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Otenyo aliuawa, na wazee wanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Wanakidai hadi leo. Miaka sita baada ya hapo, Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana hapohapo Kisii, katika vita ambavyo Wakisii hawakuvianzisha. Mji huo ninaoujua kwa gari za Probox zilizojaa watu na kwa mikungu ya ndizi barabarani una historia ya damu, na ilinibidi nipande jabali ili mtu anisimulie.

Siku ya kuondoka hatukwenda moja kwa moja. Tuliifuata barabara ya Migori, tukaiacha na kuingia Tabaka, Mugirango Kusini, kwa wachonga mawe. Baada ya ugumu wa Manga, hili ni jiwe la tabia nyingine kabisa. Hutolewa kwenye mashimo kwa mtalimbo na sururu, na likiwa bado na unyevu wa ardhini hukatika kwa panga kama muhogo. Lipo jeupe, la waridi, la kijivu, na jingine lina mishipa myekundu. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake huketi na mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa, kwanza wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi. Nilikaa karibu na mmoja wao. Bakuli liliingia majini likiwa na rangi ya vumbi. Kila alipolitoa na kulifuta kwa kiganja, waridi ilizidi kujitokeza, na mwishoni, lilipokauka juani na kupakwa nta, uliona ndani yake mistari ambayo hapo mwanzo haikuonekana kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimelainika mpaka alama za ngozi zimefutika. Maji hulituliza vumbi la msasa, lakini la kuchonga hupaa, na vijana wengi tuliowaona walikuwa wakichonga bila kitambaa mdomoni. Mashimo nayo yamewahi kuporomokea watu.

Kutoka kijiji hiki jiwe limefika mbali. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ndiye aliyechonga ndege wa amani aliyeko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Vikombe, sahani za sabuni na seti za sataranji za hapa huuzwa Nairobi, Mombasa, Marekani na Ulaya, na ng'ambo watu huzinunua bila kujua kama Tabaka ni mahali. Yule mama alinitajia bei ya bakuli lake. Nairobi, fedha hiyo hainunui chai na maandazi ya watu wawili. Alikuwa tayari kupunguza kabla sijafungua mdomo, kwa kuwa amezoea madalali wanaokuja na lori na kusema bei yao. Mume wangu alimwambia kwa Ekegusii asipunguze, tukamlipa kwa kadiri tulivyoona kazi yake inastahili, na akatufungia bakuli kwa majani makavu ya migomba.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni wa Gusii na unaishi Nairobi au Minneapolis, chukua mwenzako mwende wakati ambao hakuna aliyekufa. Julai inafaa, beba sweta, na uwe juu ya Manga kabla ya saa tatu asubuhi, mawingu hayajapanda. Wenye mamlaka katika kaunti hizi mbili waweke uzio pale ukingoni kabla mtoto wa shule hajaanguka. Na ukifika Tabaka, nunua kutoka kwa mkono uliosugua, ulipe bei uliyotajiwa, wala usiikate.